Kuchagua Darubini

Mtu atakaye kununua darubini aghalabu hudhani kwamba anakwenda kununua ukaribu. Huona kuwa fedha atakazotoa zitamvuta mnyama aliye bondeni, au meli iliyo katika upeo wa bahari, mpaka vije kusimama mbele ya pua yake. Na kwamba kadiri atakavyozidi kutoa ndivyo vitakavyozidi kusogea. Fikira hii ni ya watu wengi, na wauzaji wanaijua vyema kuliko wanunuzi. Lakini mtu ambaye darubini ni chombo chake cha kazi anajua kuwa kilicho ghali ndani ya mirija ile miwili ni mwanga. Ukaribu ni kitu rahisi. Darubini hafifu yaweza kukuza kitu mara 20, na kitu hicho kikaonekana kikubwa, cheusi, chenye kutikisika kama kivuli cha mnazi ndani ya maji. Wote watafutao wanyama, wenye bunduki na wasio na bunduki, huuhitaji mwanga kwa nyakati zile zile mbili, alfajiri na magharibi, wakati wanyama wanapotoka na jua halipo.

Nasema wenye bunduki na wasio nayo kwa sababu hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kijana wa leo wa Likoni au Kisauni hana ruhusa ya kumpiga risasi hata paa mmoja. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Tanzania, sheria huruhusu uwindaji wa leseni ndani ya mapori ya akiba na vitalu vilivyotengwa. Jamaa zangu wamo katika pande zote mbili. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Likoni, anajifunza kazi ya kuongoza wageni waendao kutazama ndege na wanyama katika Milima ya Shimba. Mkwe wangu, aliyemwoa binti wa marehemu kaka yangu, ni msaidizi wa mwindaji bingwa huko kusini mwa Tanzania. Katika mwaka mmoja wote wawili waliniletea swali moja, kila mmoja kwa mfuko wake: fedha nilizo nazo ni kadha wa kadha; ninunue kioo gani?

Waliniuliza mimi kwa kuwa nilifanya kazi ya ukarani wa shehena bandarini Kilindini kwa muda wa miaka 31, na nilizoea kukaa na marubani wa meli na mabaharia wa kila taifa, watu ambao darubini haitoki shingoni mwao. Siku hizi nakaa Mikindani, juu ya hori la Tudor, na darubini yangu ya zamani hutundikwa karibu na dirisha.

Kabla ya kueleza niliyowajibu, yafaa msomaji ajue kuwa ardhi yetu hii ya bara ya Mombasa ina historia yake katika jambo hili. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Treni iliyowachukua ilivuka Makupa, ikapanda Changamwe, ikaelekea nyika. Na mzee yule aliketi kwa sehemu kubwa ya safari juu ya kiti kilichofungwa mbele ya injini, apate kuona wanyama. Kuona kwenyewe kulikuwa kwa shida, maana jicho lake la kushoto lilikuwa karibu halina nuru kabisa, na miwani yake alikuwa akiichukua jozi nyingi kwa kuogopa kuvunjika. Mwanamume mwenye jicho moja aliwinda Afrika ya Mashariki! Hesabu yake na ya mwanawe, mpaka walipotokea Sudani mwaka 1910, ilikuwa wanyama 512. Kermit alirudi pwani mwaka ule ule wa 1909 akawinda palahala katika Milima ya Shimba, upande wa Likoni uelekeao Kwale, na wataalamu wakaiita aina ile ya palahala kwa jina la Roosevelt. Palahala wa Shimba wangalipo hata leo, na hakuna mahali pengine katika Kenya wanapoonekana porini. Ndio hao ambao mpwa wangu hutafutia riziki kwa kuwaonyesha watu.

Sasa nije kwenye darubini yenyewe. Juu ya kila darubini huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: kitu kilicho umbali wa mita 800 huonekana kana kwamba kiko mita 100. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi husoma ya kwanza wakaacha ya pili, nayo ndiyo mlango wa mwanga. Mwanafunzi wa shule ya sekondari aichukue ile ya pili aigawe kwa ile ya kwanza. Jibu atakalopata ni upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia machoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5 na robo. Ya 20x50, ingawa ni nzito na yenye umbo la kutisha, hutoa milimita 2 na nusu tu. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kufika milimita 7 hivi. Ya mzee kama mimi hufika 5 au hupungua. Mchana mwangavu mboni hujifunga ikawa ndogo, na tofauti ya darubini hizi mbili haionekani sana. Jua likishuka, yule wa 20x50 hubaki anachungulia katika tundu la sindano.

Duara hilo waweza kuliona kwa macho yako. Inyooshe mikono, uielekeze darubini mbinguni, kisha utazame vioo vya nyuma kwa mbali. Utaona sarafu mbili za nuru. Zikiwa mviringo kamili, ni dalili njema. Zikiwa zimekatwa pembeni zikapata umbo la mraba, mtengenezaji amebana vioo vya ndani ili apunguze gharama, na sehemu ya mwanga ulioulipia imeachwa kiwandani.

Mabaharia walilijua hesabu hili zamani. Kikosi cha manowari za Uingereza cha Mashariki kilipohamia Kilindini mwaka 1942, watazamaji wa juu ya sitaha katika zama zile walitumia darubini za 7x50, ambazo duara lake hupita milimita 7. Ukuzaji ni mdogo kwa sababu meli huyumba na mkono huyumba pamoja nayo. Kioo ni kipana kwa sababu adui huja usiku. Marubani niliowajua bandarini walishika 7x50 hata katika miaka ya 1990, na mmoja wao aliniambia kuwa mtu aletaye darubini ya mara 20 juu ya mashua hataona meli wala mwezi. Tikiso la mkono nalo hukuzwa. Ukishika ya mara 8, tikiso lako ni mara 8. Ukishika ya mara 20, ni mara 20, na hapo hapana budi kuiweka juu ya kigoda cha miguu mitatu. Kwa mkono mtupu, mara 10 ndio mwisho, na mara 8 ni salama zaidi. Isitoshe, ukuzaji mdogo hufungua uwanja mpana. Darubini ya mara 8 iliyo njema huonyesha upana wa mita 120 hadi 140 katika umbali wa mita 1,000. Ndege akiruka kutoka tawi moja hadi jingine, mwenye uwanja mpana humpata tena upesi.

Kuna jambo la pili lililofichika, nalo ni rangi iliyopakwa vioo. Mwanga unapoingia katika kioo kitupu, na unapotoka, sehemu 4 hivi katika kila 100 hurudishwa nyuma. Ndani ya darubini kuna lenzi nyingi, na pia prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye pembe vinavyoigeuza taswira isimame wima. Uso kumi wa kioo usiopakwa kitu huondoa theluthi moja ya mwanga wote, na kila mwanafunzi aweza kuhakikisha hesabu hiyo kwa kalamu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, aligundua namna ya kupaka kioo tabaka jembamba sana linalozuia mwanga usirudi. Tangu hapo thamani ya darubini imekuwa katika kitu ambacho hakishikiki kwa mkono. Ukitaka kukijua, simama chini ya taa, utazame mwanga wa taa unavyorudi kutoka kioo cha mbele. Ukirudi mweupe kama wa dirisha, kioo kile ni kitupu. Ukirudi wa kijani kilichofifia au wa zambarau, kimepakwa. Ukirudi mwekundu kama komamanga, weka chombo mezani, umshukuru muuzaji, uondoke. Wekundu ule ni pambo. Huitupa nje rangi nyekundu ya mwanga, na palahala wa rangi ya kahawia akaonekana kama aliyechovywa katika maji ya mwani.

Mpwa wangu alikuja kwangu jioni moja ya mwezi wa Novemba akiwa na darubini nyekundu ya namna hiyo. Dada yangu alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, yaani fedha ambazo akina mama wa mtaa huchanga kila mwezi na kupeana kwa zamu, jumla shilingi 18,000. Naye akazitoa zote kumkopesha mwanawe. Mtu asiyejua maisha ya Likoni ataona ni fedha kidogo. Zilikuwa ni karo ya mdogo wake na mabati ya jiko kwa pamoja. Kijana aliona 20x50 dukani mjini kwa shilingi 6,500, akafurahi kuwa atapata chombo kikubwa na chenji juu yake. Kwa bahati hakuwa ameinunua. Muuzaji alimruhusu aichukue kwa usiku mmoja, akaacha fedha zote na kitambulisho.

"Shikamoo, mjomba. Hii yaona mpaka Kwale," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Tukaione kazi yake kabla jua halijatua."

Sikutaka tukae Likoni kuijaribu. Kivuko kina askari, na kule Mtongwe iko kambi ya wanamaji. Mtu aelekezaye darubini pande hizo hujitafutia maswali marefu bila faida, na nawashauri vijana wasifanye hivyo hata kwa mzaha. Tulishuka chini ya Mikindani mpaka ukingoni mwa mikoko, maji yakiwa yamekupwa na tope la hori la Tudor limefunuka. Miezi ile hori letu hujaa wageni kutoka kaskazini ya dunia wakimbiao baridi. Walikuwapo vitwitwi wengi, yangeyange wachache, na sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye jina lake ni lile lile la chombo cha kuchimbia mawe, na amtazamaye haulizi kwa nini.

Sululu ndiye aliyekuwa mtihani wetu. Wako wa aina mbili katika pwani hii. Mmoja ni mkubwa, mdomo wake mrefu sana, na kichwa chake hakina alama. Wa pili ni mdogo kidogo, na juu ya kichwa ana michirizi miwili myeusi iliyotenganishwa na mstari mweupe. Kwa mbali wanafanana, hasa akiwa mmoja tu na hapana wa kumpima naye. Wageni wanaolipa fedha kutazama ndege wanaijua tofauti hiyo toka kwao, na kiongozi anayetaja jina lisilo lake mara mbili katika asubuhi moja hataitwa tena asubuhi ya pili.

Saa kumi na mbili kasorobo mpwa wangu alimwona sululu kwa 20x50, akacheka kwa furaha, maana ndege alijaa kioo kizima. Alipotaka kuona kichwa, kichwa kilicheza juu na chini kama cha abiria wa pikipiki kwenye barabara ya mashimo. Akaegemea mkoko; kikatulia kidogo. Nikampa yangu, ambayo ni 8x40 ya miaka mingi. Alilalamika kuwa ndege amekuwa mdogo. "Mdogo, ndiyo," nikamwambia, "ila niambie, ana michirizi au hana?" Akasema anayo, miwili. Jua likatua. Katika nchi yetu iliyo karibu na mstari wa ikweta magharibi haikawii; katika dakika ishirini hivi mchana hugeuka usiku, na dakika hizo ndizo zenye wanyama wengi. Nilimwambia abadilishe darubini mara kwa mara. Baada ya dakika kama kumi, ndani ya ile kubwa palikuwa na umbo jeusi lenye mdomo. Ndani ya ile ndogo michirizi ilikuwa bado yahesabika. Hakusema neno. Aliifunga 20x50 ndani ya sanduku lake, na kesho yake akairudisha.

Ikabaki kuchagua nini badala yake. Ninataja bei za miaka hii ya 2020, kwa takriban, kwa maana shilingi haitulii. Kwa fedha zisizofika 5,000, dukani hakuna darubini mpya ya kazi. Kuna sanamu ya darubini. Mwenye fedha hizo na aende Kongowea kwenye mitumba, kwa subira, atafute darubini ya zamani yenye umbo la mabega, ambayo vioo vyake vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma. Umbo hilo latokana na prizimu za namna aliyoivumbua Mwitalia Ignazio Porro mwaka 1854. Ni rahisi kutengeneza vizuri, na kwa hiyo bei ndogo ya Porro huzaa kioo chema kuliko bei hiyo hiyo katika darubini nyembamba za kisasa. Tulipata moja pale, 8x30 iliyotengenezwa katika iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, kwa shilingi 4,000. Darubini hizo hufanya dunia iwe ya manjano kidogo, lakini ni imara kama kufuli. Niliimulika ndani kwa tochi. Mrija wa kulia ulikuwa na nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui: kuvu. Nikairudisha mahali pake.

Kuvu ni adui wa mtu wa pwani, naye hatajwi katika vitabu vya watu wa nchi za baridi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kuvu hupenda giza na ngozi. Mtu aifungaye darubini yake ndani ya mkoba wa ngozi, akaiweka sandukuni kwa kuiheshimu, huikuta baada ya masika imeota. Iache mahali penye hewa na nuru, au uitie katika mkebe ufungikao sawasawa pamoja na vile vifuko vya chembe zinyonyazo unyevu, ambavyo hupatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya. Vumbi na chumvi vipulizwe kwanza, ndipo kioo kipanguswe kwa kitambaa laini. Ncha ya kanga na pindo la shati hubeba mchanga, na mchanga hukwaruza lile tabaka ulilolilipia.

Kwa sababu hiyo ya unyevu nilimshauri mpwa wangu atoe sehemu kubwa ya fedha zake. Kuanzia shilingi 13,000 hadi 20,000 zapatikana darubini mpya za 8x42, zilizozibwa maji yasiingie na kujazwa naitrojeni kavu ndani, na vioo vyake vyote vimepakwa tabaka kadhaa. Mtu aendaye katika msitu wa Shimba asubuhi, umande ukimdondokea kutoka kila jani, apaswa kuwa na chombo kilichozibwa. Laiti angalikuwa na 4,000 peke yake ningalimwambia asubiri Kongowea mpaka apate Porro isiyo na kuvu, na ningalisema hivyo bila haya, maana hiyo niliyo nayo mimi ni ya namna hiyo. Alinunua ya 17,500. Kabla ya kulipa nilimwagiza aielekeze kwenye mlingoti wa simu, aitazame kwa macho yote mawili, kisha aisogeze polepole mbali na uso. Mlingoti ukionekana umevunjika, mmoja juu na mwingine chini, mirija haiko sambamba, na mtumiaji wake ataumwa kichwa kabla ya saa sita. Mlingoti wake ulibaki mmoja.

Juu ya hapo bei hupanda upesi na faida hupanda polepole. Kwa shilingi 40,000 hadi 65,000 mtu hupata ukali wa taswira mpaka pembeni. Zile za Swarovski ya Austria, na za Zeiss na Leica za Ujerumani, hupita shilingi 260,000. Mgeni mmoja aliwahi kunishikisha moja katika viwanja vya Nguuni, upande wa Kisauni, wakati eland walipokuwa wakishuka kunywa. Nilimwona eland yule kana kwamba hewa iliyo kati yetu imefutwa. Siwezi kusema kuwa fedha zile hutupwa. Nasema ni fedha za mtu ambaye tayari anajua atakachotazama.

Swali la mkwe wangu lilikuwa zito zaidi. Yeye aliandika kuwa amepata fedha za kununua darubini ya bunduki iliyo bora sana, ya kukuza mara nyingi, kwa kuwa darubini ya mkononi hana na angependa ile moja ifanye kazi mbili. Nilimjibu siku ile ile. Darubini ya bunduki hufungwa juu ya mtutu, na popote jicho linapotazama, mtutu unaelekea hapo hapo. Atafutaye kitu kichakani kwa darubini ya bunduki humwelekezea risasi kila anachokitafuta: mchunga ng'ombe, mwanamke mwokota kuni, mfuatiliaji nyayo wake mwenyewe. Na katika kazi yake hutafuta saa nne ili afyatue mara moja, au asifyatue kabisa. Kwa mujibu wa kanuni za Tanzania, simba dume apigwaye asiwe chini ya miaka 6. Umri ule husomwa katika manyoya ya shingo, katika pua na katika uso, na husomwa kwa darubini ya mkononi, kwa utulivu, bunduki ikiwa begani. Palahala nao ni hivyo hivyo: dume aliyekomaa ni mweusi, jike na dume mchanga ni wa kahawia, na magharibi huwafanya wote weusi.

Nikamwambia agawe fedha zake. Sehemu kubwa aiweke katika 8x42 au 10x42 ya mkononi. Kwa bunduki, achukue darubini isiyo na mapambo, yenye ukuzaji wa mara 3 hadi 9 na kioo cha milimita 40 kwa swala na wanyama wa mbali. Na kama mwindaji wake hufuata nyati vichakani, ya mara 1 hadi 4 yatosha na kuzidi, kwa kuwa nyati wa mita 30 akikuzwa mara 9 huwa ni ukuta wa manyoya usio na bega wala kichwa. Darubini ya bunduki ina masharti yake mawili. La kwanza, jicho liwe mbali na kioo kwa sentimita 9 hivi, la sivyo bunduki kubwa ikirudi nyuma hupasua nyusi za mwenyewe, na wako wawindaji wengi wenye kovu la mwezi mwandamo juu ya jicho. La pili, alama ya msalaba iliyomo ndani isihame. Mshtuko wa risasi huilegeza ile iliyotengenezwa ovyo. Leo inapiga katikati, kesho inapiga shibiri moja kushoto, na mnyama huenda na jeraha vichakani kufa siku ya tatu. Hapo ndipo urahisi wa bei unapolipwa na asiyehusika.

Alinijibu baada ya miezi miwili. Alikuwa amenunua ya bunduki iliyotumika, ya mara 1 hadi 4, kwa fedha kidogo, na kwa zilizobaki akapata 10x42. Aliandika kuwa juma lile walikaa na dume mmoja wa simba tangu alfajiri mpaka jua likawa kali, wakimtazama chini ya mkwaju. Mgeni alitaka kufyatua, mwindaji bingwa akamwomba darubini yule mkwe wangu, akatazama tena, akasema mnyama yule ana miaka 4 au 5. Wakarudi kambini bila simba.

Mpwa wangu yuko Shimba. Deni la mama yake alilimaliza mwezi wa Julai, na darubini huilaza ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vifuko kumi na viwili vya masanduku ya viatu, alivyoviomba kwa mwenye duka wa Likoni.